Kulinda mgongo wa kuli: shajara ya mradi wa usalama ghalani, Tanga

Januari, mwanzoni

Mradi umepitishwa. Uongozi umetenga fedha za kofia ngumu, buti na riflekta, nami nimepewa kusimamia hadi masika yaishe. Nimeshukuru, kisha nikaomba nusu ya fedha isiguswe kwanza. Buti nazitaka leo kabla ya kesho, maana watu wanabeba wakiwa na yeboyebo na wengine kandambili. Lakini kofia haiizuii foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kumgonga mtu, na gunia linaloporomoka halichagui aliyevaa riflekta. Waliobobea katika fani hii wana utaratibu wao: kwanza hatari yenyewe iondolewe; ikishindikana, ibadilishwe kwa kitu chenye madhara madogo; kisha itengwe na watu kwa ukuta, uzio au mashine; kisha kazi ipangwe upya; vifaa vya kujikinga vinakuja nyuma ya hayo yote. Bajeti ilivyoandikwa inaanzia nyuma.

Kwa asiyelijua ghala letu: ni jengo la zamani la mawe na mabati, upande wa bandarini. Marobota ya mkonge yanashuka hapa kutoka Korogwe, Muheza na Pangani yakisubiri meli, na robota moja ni kilo 250. Upande wa pili kuna mahindi na maharage, na pembeni saruji ya mifuko ya kilo 50. Wenye mikataba ni wachache. Wengi ni vibarua: wanafika getini alfajiri, nyapara anachagua, jioni wanalipwa kwa hesabu ya magunia. Hao ndio wanaobeba, na bajeti haikuwataja. Nimelirekebisha hilo kabla ya kununua chochote. Buti ni za kila anayeingia kubeba, awe na mkataba au awe deiwaka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri amlinde mtu aliye mahali pake pa kazi. Mfupa wa kibarua unavunjika sawa na wa karani.

Januari, katikati

Nimegawa chaki nyekundu. Niliwaomba makuli, madereva, utingo na kina mama wanaochambua maharage wapite ghala zima na kuweka alama kila mahali panapowatia hofu. Bila kuuliza sababu na bila kuandika jina la mtu.

Ofisini kila mmoja alitarajia paa, kwa kuwa mabati yana kutu ya chumvi ya bahari na yanavuja. Paa lilipata alama mbili tatu. Sakafu ya mlango mkubwa ilijaa wekundu. Mzee mmoja aliyebeba mizigo tangu ujana wake alinishika mkono akanipeleka pale. "Mwanangu, paa linalowesha. Hapa ndipo panapoua." Sehemu nyingine zilizojaa alama ni miguu ya staki za maharage, yaani magunia yaliyopangwa juu kwa juu, ngazi ya mbao ya kupandia, na kona moja ya ukuta wa nyuma ambayo sikuifikiria kabisa. Kuhusu kona ile walisema tu kwamba baada ya dawa kuwekwa, ukikaa pale kichwa kinauma.

Nimeinakili ramani ya chaki kwenye karatasi kubwa na kuibandika ofisini, mahali ambapo bosi hawezi kupita bila kuiona. Kazi zote za mradi zitafuata wingi wa alama.

Januari, mwishoni: mlango mkubwa

Nilisimama mlangoni asubuhi nzima. Lori linarudi nyuma likiwa na tela, foklifti inaingia na kutoka, makuli wanapita na gunia kichwani juu ya ngata, utingo yuko katikati anapiga kelele, na mama lishe anakatiza na sufuria ya chai. Wote wanatumia tundu moja.

Foklifti yetu inanyanyua tani 3, na yenyewe peke yake ina uzito kuzidi mzigo huo, kwa sababu uzito wa nyuma ndio unaoizuia isiinukie mbele. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma. Maana yake dereva akikunja kushoto, mkia unafagia kwenda kulia, na aliyesimama pembeni akidhani yuko salama ndiye anayepigwa. Tena kuna jambo la mwanga. Nje jua la Tanga linachoma macho, ndani kuna giza. Dereva anapoingia, macho yake yanahitaji muda kuzoea, na katika muda huo anaendesha bila kuona. Nilimuuliza, akakubali palepale: "Hatua za mwanzo kuingia ndani, kaka, naendesha kwa mazoea."

Tumefanya haya. Mlango mdogo wa ubavuni, uliozibwa na makreti miaka mingi, umefunguliwa na sasa ni wa miguu peke yake. Kati ya njia mbili tumesimika mabomba yaliyojazwa zege na kuyafunga minyororo, ili mtu asiweze kukatiza hata akitaka. Kuta za ndani karibu na mlango zimepakwa chokaa, na mabati kadhaa ya juu yamebadilishwa kwa yale yanayopitisha mwanga. Mzigo ukimziba dereva mbele, anaendesha kinyumenyume. Uma wa mashine unakaa chini, karibu na sakafu, wakati wote inapotembea. Mkanda wa kiti umefufuliwa. Ulikuwa umekunjwa chini ya kiti. Dereva wa pili aliudharau, akisema mashine ikipinduka yeye ataruka. Kuruka ndiko kunakoua, kwa sababu chuma cha kibanda kinamwangukia aliyeruka. Anayekaa, akajishikilia kwa nguvu na kuegemea upande wa pili wa maanguko, ndiye mwenye nafasi ya kutoka hai.

Na lori likishafika kwenye jukwaa la kupakilia, kabari zinawekwa chini ya matairi na ufunguo unakaa kwa karani hadi kazi iishe. Madereva wa malori walinung'unika. Niliwauliza nani kati yao anataka kuondoka foklifti ikiwa imeingia nusu ndani ya tela lake. Ufunguo unakabidhiwa.

Februari, mwanzoni

Rangi ya njano ya kuchorea njia sakafuni haikauki. Kaskazi linavuma, lakini unyevu wa bahari ni mwingi. Imerudiwa Jumapili ghala likiwa limefungwa.

Februari: staki za maharage

Staki haianguki ghafla. Inajengewa maanguko yake siku ya kupangwa. Magunia yakipangwa kwa safu zilizosimama moja moja, kila nguzo inabaki peke yake na hakuna kinachoishika. Yakipishanishwa, tabaka moja kwa urefu na linalofuata kwa upana, kama fundi apangavyo matofali, kila gunia linalishika jingine. Salfeti zinateleza kuliko magunia ya katani, hivyo staki ya salfeti inatakiwa iwe fupi na ipungue upana kadiri inavyopanda. Nafasi ya mtu kupita kati ya staki na ukuta ni lazima iwepo: ya kukagua, ya hewa, na ya kukimbilia.

Hayo wanayajua. Nyapara wetu anayajua kuliko mimi. Basi kwa nini staki zinavutwa kutoka chini, jambo ambalo kila kuli anajua linaleta maporomoko? Nilimuuliza tukiwa wawili kwenye chai ya saa nne. Alifikiri kwanza.

"Kaka, ukimpandisha mtu juu aanze kushusha ngazi kwa ngazi, kufika saa sita ana nusu ya magunia ya mwenzake anayevuta chini. Jioni analipwa nusu. Wewe utamlipia hiyo nusu nyingine?"

Hapo ndipo mradi ulipofika penyewe. Mabango, mafunzo, mazungumzo ya asubuhi, vyote nilivipanga na vyote ni vyema, lakini mtu anayelipwa kwa gunia amewekewa bei kila anapochagua njia salama. Ngazi ya mbao hairekebishwi kwa sababu kuirekebisha kunakula muda. Hakuna anayeomba msaada wa mtu wa pili kwa sababu wa pili anataka sehemu yake. Ukitaka mgongo wa kuli upone, anza na jinsi anavyolipwa.

Februari, baada ya kikao na uongozi

Nimepeleka pendekezo: upande wa maharage, kwa majaribio, timu ilipwe kwa zamu. Kiwango cha zamu kipimwe kutokana na kazi inayofanywa kwa njia salama, na ziada ikipatikana igawanywe kwa timu nzima. Hofu ya bosi ilikuwa ileile ya kila bosi, kwamba watu watalala. Sikumlaumu. Nilimwonyesha mambo mawili. La kwanza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Malipo ya gunia yanamfanya mtu aruke mapumziko yake mwenyewe, na saa nane mchana, katika joto hili, ndipo miguu inapoanza kuyumba. La pili ni rundo la salfeti zilizopasuka na maharage yaliyomwagika, ambayo kampuni inalipa watu wengine kuyafagia na kuyafungasha upya. Haraka ile ina bili, ila bili inaandikwa kwenye ukurasa mwingine wa daftari.

Amekubali majaribio. Nyapara naye amekubali, kwa sharti kwamba yeye na wazee wawili wa makuli wakae wakati wa kupanga kiwango. Sharti la haki. Kiwango kimekubaliwa kwa mkono na kwa maandishi.

Februari: lumbesa

Vita ya wiki ni lumbesa. Gunia linajazwa, linaongezewa kichwa, linashonwa kwa kamba juu, na kuli mmoja anategemewa alibebe. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, linataka hatua zichukuliwe pale uzito wa juu anaoruhusiwa kubeba mwanamume mmoja mtu mzima unapozidi kilo 55. Hapa kilo 100 kichwani kwa mtu mmoja zimeonekana ni ushujaa. Nimewaona vijana wa miaka ishirini na kitu wakiinuka asubuhi kwa kushika ukuta.

Utaratibu mpya: kila gunia linapita mizani getini. Lumbesa hairuhusiwi kuingia. Inafunguliwa palepale na kupunguzwa. Lililo zito kuliko nusu ya gunia la kawaida linabebwa na wawili au linapanda toroli. Mfanyabiashara mmoja aligomba hadi watu wa barabarani wakajaa, akisema mababu zetu walibeba. Karani wa mizani alimjibu kwa upole: "Shikamoo mzee. Mababu zako waliobeba, wangapi waliweza kurukuu uzeeni?" Mzee alinyamaza, akaagiza magunia yafunguliwe. Lumbesa imekatazwa nchini kwa sababu inamuumiza mkulima kwenye bei. Ningependa watu waseme pia inavyomuumiza anayeibeba.

Siku za mwanzo kazi ilipungua kasi. Kisha ikarudi karibu na ilipokuwa, na rundo la salfeti zilizopasuka limekuwa dogo kiasi kwamba bosi ameliona mwenyewe bila kuambiwa.

Machi, mwanzoni: joto na maji

Mapipa mawili ya maji safi, vikombe, kivuli cha makuti nje ya mlango wa miguu. Kubeba saruji kumehamishiwa asubuhi. Hakuna zaidi la kuandika; maji yanywewe.

Machi: kona ya ukuta wa nyuma

Nimefuatilia ile kona ya vichwa kuuma, na hili ndilo lililoninyima usingizi kuliko yote.

Nafaka hufukizwa kwa vidonge vya alumini fosfidi ili kuua vipekecha na dumuzi. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi. Inaua mdudu na inaua mtu, na haina dawa ya kuibatilisha mwilini. Kiwango cha juu kilichotumika sana kwa miaka mingi kwa wafanyakazi wa zamu ni sehemu 0.3 tu katika milioni ya hewa. Wengine wanaitambua kwa harufu kama ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua si kipimo: gesi inaweza kudhuru kabla hujaisikia. Dalili ni kichwa, kichefuchefu, kifua kubana, uchovu usioeleweka. Watu wanadhani ni malaria, wanakunywa dawa, wanarudi kazini palepale.

Turubai la staki ya nyuma lilikuwa na matundu, na ukuta una nyufa. Upande wa pili wa ukuta ndipo mama lishe anapopikia. Yuko pale kutwa nzima na mwanawe mdogo.

Siku hiyohiyo jiko limehamishwa, na fukizo limesimama. Limeanza tena baada ya kupatikana mtaalamu mwenye kibali, turubai jipya, na mifuko ya mchanga ya kugandamiza kingo zote chini. Nyufa zimezibwa. Upande ule unafungwa kwa kamba na mabango yenye fuvu, na mlinzi wa usiku amehamishiwa getini, maana alizoea kulala juu ya magunia. Hakuna kurudi mpaka hewa ipitishwe na ipimwe kwa kipimo cha gesi. Unga unaobaki baada ya vidonge kuisha haufagiliwi kwa ufagio wa kawaida wala kutupwa jalalani. Mtaalamu anauchukua, kwa kuwa unaweza kuwa bado unatoa gesi. Na kila mtu ameambiwa, hadi akaweza kunirudishia kwa maneno yake: vidonge hivi havimwagiwi maji kamwe, hata kukiwa na moto.

Mama lishe na mwanawe walipimwa hospitali ya Bombo kwa gharama za kampuni. Wako salama. Alipouliza kwa nini hakuambiwa miaka yote hiyo, sikuwa na jibu la kumtosha, nami sitalitafuta. Nimemwomba awe wa kwanza kujulishwa kila fukizo linapopangwa, kabla ya meneja.

Machi: moto

Mkonge ukavu unashika haraka, na vumbi lake lililotanda kwenye mihimili linabeba moto kutoka pembe moja hadi nyingine. Robota lililobanwa lina tabia mbaya zaidi: nje umezima, ndani linaendelea kufuka kimyakimya kwa saa nyingi. Kwa hiyo mtungi mdogo peke yake hautoshi. Maji mengi yanahitajika, robota lililoungua litolewe nje na kuchanwa, na mtu alilinde.

Vumbi la mihimili limefagiliwa. Sigara mwisho getini. Waya za taa zilizoning'inia juu ya marobota zimeingizwa kwenye mabomba, na taa zimesogezwa juu ya njia, mbali na mzigo. Mitungi ya gesi ya ukaa imewekwa karibu na swichi kuu, ya maji karibu na mkonge. Askari wa Zimamoto na Uokoaji walikuja kutufundisha: vuta pini, lenga kitako cha moto, bana, fagia huku na huku. Kina mama wa maharage walifanya kwa utulivu kuliko wanaume wote. Namba 114 imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni.

Mlango wa nyuma wa dharura ulikuwa na kufuli, kwa hofu ya wezi. Sasa una komeo la kusukumwa kutoka ndani. Tulibishana sana juu ya hilo na sikukubali kuachia.

Aprili: daftari la nusura

Masika yameanza kwa nguvu. Sakafu ya mlango wa miguu inateleza. Tumemwaga sementi yenye kokoto nyembamba na kuikwaruza.

Karani ana daftari jipya la mambo yaliyokaribia kuumiza mtu. Asiyetaka kuandika anasema, karani anaandika, bila jina. Wengi waliogopa kwamba atakayesema atakosa kuchaguliwa kesho yake getini, hadi nyapara mwenyewe alipokuja wa kwanza kuandikisha kulabu iliyochomoka mkononi mwake. Baada ya hapo kurasa zimejaa: gurudumu la toroli linaloyumba, msumari kwenye paleti, dereva mgeni aliyekataa kutoa ufunguo, tundu la mfereji lililofunikwa kwa ubao mbovu. Kila asubuhi ninasoma yaliyoandikwa jana na kusema yamefanyiwa nini. Lisilofanyiwa kitu nalisema pia, pamoja na sababu yake.

Jambo jingine lililowekwa sawa ni taarifa za ajali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Vibarua wengi hawakulijua hilo, na walikuwa wakiumia wanachangiana nauli ya kurudi Ngamiani na kukaa nyumbani hadi kidonda kipone. Majina yao sasa yanaingia kwenye kumbukumbu za malipo kila zamu, ili siku mtu akiumia asiambiwe hajulikani.

Aprili, mwishoni

Wawakilishi wa usalama na afya wamechaguliwa: mmoja kutoka wenye mikataba, mmoja kutoka makuli, na mmoja kutoka kina mama wanaochambua. Kikao cha kwanza kilifanyika karibu na tarehe 28, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani. Mwakilishi wa kina mama hakungoja dondoo. "Mmehangaika na wanaobeba, na ni haki yao. Sisi tunaokaa sakafuni kutwa na vumbi usoni, zamu yetu lini?"

Wanachambua wakiwa wameinama juu ya turubai, katikati ya vumbi la maharage na moshi wa foklifti. Wanataka meza za kimo cha kiuno zenye benchi, barakoa zinazoshika vumbi kweli, na kuhamia barazani upande wa baharini ambako upepo unapita. Fundi amepima baraza leo. Fedha iliyobaki inatosha meza na barakoa, haitoshi kuezeka baraza lote kabla mvua haijaisha, hivyo nimeandika ombi la nyongeza na kuambatanisha hesabu ya majaribio ya upande wa maharage, pamoja na ombi la pili: malipo ya zamu yaenee hadi upande wa mahindi na saruji. Bosi ameahidi jibu Ijumaa. Mwakilishi wa makuli na mwakilishi wa kina mama watakuwepo akilitoa.